Kiwanda cha dawa kando ya ziwa hakihitaji mapipa ya tindikali

Mhariri, mwangaluka. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nitaenda kirefu kidogo, kwa hiyo mkitaka kupunguza punguzeni tu ila pale nitakapofika kwenye mapipa naomba msiguse.

Juzi nilikuwa kwenye daladala natoka Igoma kwenda mjini nikawa nasoma habari yenu ya kuhamasisha viwanda vya dawa vije Kanda ya Ziwa, wazo zuri sana hata mimi naliunga mkono maana dawa nyingi tunazomeza nchi hii zinatoka nje, sasa kuna mchangiaji mmoja mle ndani akasema Mwanza maji ni bwerere, ziwa hilo hapo, mwekezaji anachomeka bomba anaanza kazi. Nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Mimi ni fundi wa mitambo ya maji, huu mwaka wa 19 nalala na kuamka na pampu na filta, na sehemu kubwa ya hiyo miaka nimekula kwenye viwanda vya dawa. Yule mchangiaji kakosea, lakini kuna mahali kapatia bila mwenyewe kujua, na hapo ndipo mimi nina neno.

Alipokosea ni hapa. Maji ya kutengenezea dawa sio maji ya kunywa. Unaweza ukawa na maji safi kabisa, mtoto anakunywa, hayana rangi wala harufu, ukiyapeleka kwenye mtambo wa sirapu ya kikohozi yanakataliwa mlangoni. Kwanza yanapimwa yanapitisha umeme kiasi gani, kwa sababu kinachopitisha umeme kwenye maji ni chumvi iliyoyeyuka, kwa hiyo mita ikisoma namba ndogo ujue maji ni matupu, na kiwango kinachotumika ni isizidi mikrosimensi 1.3 kwa sentimita maji yakiwa nyuzi 25. Halafu mabaki ya vitu vya kaboni, yaani uchafu uliotokana na majani, mwani na kila kilichokuwa hai, yasizidi nusu miligramu kwenye lita nzima. Bakteria wasizidi 100 kwenye mililita moja. Na hayo ni ya vidonge na sirapu tu, ukija kwenye maji ya sindano na dripu ndio balaa lenyewe, hapo ni bakteria 10 kwenye mililita 100, na juu yake kuna kitu kinaitwa endotoksini, hivyo ni vipande vya maganda ya bakteria ambavyo vikiingia kwenye damu mgonjwa anatetemeka homa kali wakati kwenye chupa hakuna mdudu hata mmoja aliye hai. Kuchemsha hakusaidii. Marehemu mama yangu alikuwa anaamini hakuna kisichokufa kwenye sufuria, nikamwambia mama, hawa wameshakufa tayari, tatizo ni maiti zao.

Sasa alipopatia. Nenda ziwani, popote, Kirumba au kule Luchelele, chota maji ufue shati. Povu linatoka haraka. Kisha chukua sabuni ileile ukafulie maji ya kisima kule kanda ya kati, utasugua mpaka mkono uume na povu hulioni. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, chumvi yake ndogo sana, ukiyapima na mita mkononi yanacheza kwenye mikrosimensi 100 hivi, wakati kuna visima vya huku bara ukitumbukiza mita inasoma elfu moja na inaendelea kupanda. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni habari ya sabuni tu, kwa fundi wa maji ya dawa hiyo ni nusu ya kazi imefanywa na Mungu kabla hujawasha pampu, maana kazi kubwa ya kule kwetu kwenye mitambo ni kuondoa chumvi, na gharama na hatari zote za mtambo wa zamani zinatokana na namna ya kuiondoa.

Hapo ndipo yanapoingia mapipa.

Mtambo wa zamani unatumia rezini, ni vichembe vidogo kama ulezi, rangi ya kahawia au njano, vimejazwa kwenye matangi mawili marefu. Maji yakipita rezini inakamata chumvi na kuachia maji matupu, safi kabisa. Lakini rezini inashiba. Ikishiba mita inaanza kupanda na lazima uizindue, na kuizindua tangi moja unalimwagia tindikali, asidi haidrokloriki ile kali, na tangi la pili kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Kwenye kiwanda kimoja nilichofanya kazi zamani, sitakitaja na wala hakiko tena, tulikuwa tunafanya hivyo karibu kila siku ya tatu. Pipa la bluu la tindikali, pampu ndogo, mpira, klempu. Gambuti miguuni, glovu mpaka kwenye viwiko, na barakoa moja ambayo tulikuwa tunagawana watu watatu kwa zamu (hapo hata msiniulize).

Siku moja klempu iliachia. Nilikuwa nimeinama kwenye vali, nikasikia mlio kama mtu kafungua soda, nikageuka naona moshi mweupe unatambaa chini sakafuni unanijia, na saruji pale mpira ulipomwaga inachemka povu kama uji. Mzee tuliyekuwa naye, msimamizi wetu, mtu wa Magu, akapiga kelele, "Dogo, bana pumzi, toka nje, toka!" Nikatoka. Yeye akarudi ndani kuzima pampu, na jicho lake la kushoto tangu siku ile likawa linatoa machozi bila sababu, mpaka anastaafu alikuwa anatembea na leso. Hakulipwa chochote, alipewa siku tatu za kupumzika akaambiwa awe mwangalifu.

Na yale maji ya kuzindulia baada ya kutumika yanakwenda wapi? Utaratibu ni uyakusanye kwenye tangi, ya tindikali na ya kostiki yakutane yapoozane, upime, yakiwa hayaumi tena ndio uachie. Kwenye karatasi tulikuwa tunafanya hivyo. Zamu ya usiku ikichoka vali inafunguliwa mapema, yanapita mferejini, na mfereji wa Mwanza kila mtu anajua mwisho wake ni wapi. Asubuhi mama aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga pale getini akaniuliza, "Baba, jana usiku mlikuwa mnapika nini humo, mbona nyasi zangu zote zimekufa upande mmoja?" Nikamjibu sijui mama. Nilikuwa najua.

Ndio maana nikisikia viwanda vinakuja nauliza swali moja tu, vinakuja na mtambo gani wa maji. Kwa sababu njia nyingine ipo, imekuwepo miaka mingi, na kwa maji laini kama yetu inafanya kazi vizuri kuliko karibu kokote nchi hii. Kwanza maji yanasukumwa kwa presha kwenye membreni, ni utando mwembamba, sisi tunaita RO, ambayo inapitisha maji na kuacha chumvi nyuma, ikiwa nzima inaacha zaidi ya asilimia 95. Fanya hesabu mwenyewe, umeingiza 100 imetoka 3 au 4. Unahitaji kusukuma kidogo tu uingie chini ya 1.3, na hako kadogo kanamalizwa na kifaa kinaitwa EDI. Ndani yake kuna rezini ileile, ila imebanwa katikati ya tabaka za membreni, na pembeni kuna sahani mbili za umeme. Umeme unazivuta chumvi huku na huku zinatoka nje, halafu uzuri wake ni huu, ule umeme unayapasua maji yenyewe kidogo, upande huu unapata asidi upande ule unapata kama kostiki, kiasi kidogo sana, ndani kwa ndani, na hivyo ndivyo vinavyoizindua rezini saa zote bila kusimama. Yaani kile nilichokuwa namwaga kwa pipa nikiwa na gambuti, pale kinajitengeneza chenyewe na kujimaliza chenyewe. Mara ya kwanza kukifunga hicho kifaa nilikaa mbele ya mita kama mtu anaangalia mpira, nikiamini itapanda tu, siku ya tatu itapanda. Haikupanda. Mwezi ukaisha hakuna aliyegusa pipa.

Lakini nisiwadanganye, ziwa letu lina ugonjwa wake na ugonjwa wenyewe sio chumvi, ni mwani. Wale mnaoishi karibu na ghuba mnajua siku ziwa linapokuwa kijani kama limemwagiwa rangi, na ukisimama Kamanga unasikia harufu. Kuna kiwanda tulikuwa tunavuta maji ziwani moja kwa moja, filta ya mwanzo tunaweka nyeupe kama theluji, kwa kawaida inakaa wiki, kipindi cha mwani nikaifungua baada ya siku moja na nusu ilikuwa imevaa utelezi wa kijani unaovutika kama bamia, na harufu ya majani yaliyokaa kwenye ndoo siku tatu. Mwani huo una aina zinazotoa sumu, na hata usiotoa sumu unaacha ile kaboni niliyoisema juu. Watu wengi hapo dawa yao ni moja, ongeza klorini. Mimi naona ndio kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu klorini ikikutana na mabaki ya mwani inazaa kemikali nyingine ambazo zenyewe ni kazi mpya kuziondoa, halafu klorini hiyohiyo inaila membreni ya RO, kwa hiyo inabidi uitoe kabla haijafika, na wengi wanaitoa kwa kudungia kemikali nyingine, metabaisalfaiti. Unaona mnyororo huo? Kemikali ya kufukuza mwani, kemikali ya kufukuza kemikali, halafu kemikali ya kuzuia magamba ya chokaa kwenye membreni wakati maji yenyewe hayana hata magamba ya maana, kisa tu kitabu cha mtambo kiliandikiwa watu wenye maji magumu.

Kwa ziwa hili ningeanza na kuvuta maji mbali na ukingo na chini kidogo, mwani unapenda juu kwenye jua. Kisha filta za nyuzi zenye matundu madogo sana ambayo bakteria hapiti, hizo zinajisafisha kwa kurudishiwa maji na hewa. Kama unatumia maji ya bomba yana klorini tayari, hilo halikwepeki na mjini ni lazima iwepo, basi itoe kwa taa kali ya UV, inawezekana, ila lazima dozi iwe kubwa mara nyingi kuliko ile ya kuua wadudu tu, au tumia tangi la mkaa maalum ukubali kuliosha na maji ya moto mara kwa mara, kwa sababu mkaa ukishaondoa klorini unageuka gesti ya bakteria.

Na bakteria hawaishii hapo. Maji yakishakuwa matupu yanazunguka kwenye mabomba ya chuma cha pua kwenye duara tunaloita lupu, saa 24, hayatakiwi kusimama. Yakisimama wanaota utelezi ukutani na ukishaota kuutoa ni vita. Nakumbuka kiwanda kingine walitaka bomba la kunawia karibu na mashine ya kujazia, fundi wa kuchomelea akaunga kipande kama urefu wa mkono wangu kutoka kwenye lupu, wakalitumia wiki mbili wakaliacha. Mwezi uliofuata maabara wanalalamika namba za bakteria zinapanda zinashuka, hakuna anayeelewa, wakamwaga dawa ya kuulia zikashuka, wiki moja zikapanda tena. Nikazunguka na tochi nikakiona kile kipande. Tukakikata. Ndani kilikuwa na utelezi mwembamba rangi ya chai ya maziwa, ukipitisha kidole unauhisi kabla hujauona. Dawa yote waliyomwaga ilikuwa inapita mbele yake kama basi linalopita kituo.

Lupu iliyojengwa vizuri, yenye mteremko, isiyo na vipande vilivyokufa kama kile, unaweza kuiua bakteria kwa maji yenyewe ukiyapasha mpaka nyuzi 80 na kuyazungusha. Basi. Hakuna cha kusuuza, hakuna cha kupima kama kuna mabaki ya dawa maana hukuweka dawa. Wengine wanatumia ozoni, inatengenezwa kwa umeme palepale, inaua vibaya sana, na kabla ya kutumia maji unaipitisha kwenye taa ya UV inavunjika inarudi kuwa oksijeni. Mimi napenda moto kuliko ozoni, labda uzee, ila moto unaushika kwa mkono unajua upo.

Kwa wanaotaka kutengeneza dripu, najua watasema maji ya sindano lazima yachemshwe mvuke ukusanywe, na hiyo inataka boila kubwa. Ulaya ndivyo kitabu chao cha viwango vya dawa kilivyokuwa kinasema mpaka Aprili 2017, kilipobadilishwa kikaruhusu na njia ya membreni ikiungwa na hatua nyingine kama EDI na filta za kuzuia endotoksini, na Marekani walikuwa wameshafungua mlango huo kabla. Mimi bado naheshimu mvuke, ile maiti niliyomwambia mama haipandi na mvuke inabaki chini, na ukweli ni kwamba njia ya mvuke nayo haina tindikali. Mwenye boila na kuni za kutosha achemshe. Ila asiniambie hakuna njia nyingine.

Msomaji mwenye macho atasema fundi unasema bila kemikali, membreni zenu hamzioshi? Tunaziosha. Mara chache kwa mwaka inakuja siku presha imepanda, unaosha kwa asidi ya limao au kostiki kidogo, unafanya mchana, kwa utaratibu, unapooza na kumwaga vizuri. Anayeuza mtambo akikwambia hutagusa kemikali maisha yako yote anakuuzia maneno. Tofauti ni ya kijiko na pipa, na kijiko unakisimamia mwenyewe.

Ubaya wa kweli wa hii njia ni umeme. RO inataka pampu, EDI inataka umeme, moto unataka umeme, na lupu ikisimama kwa muda wa saa sita kwenye joto la Mwanza umejitafutia kazi ya kuosha upya. Kwa hiyo jenereta sio anasa, ingia nayo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Na bei ya kununua imechangamka, sitaficha. Wenye hela huangalia hiyo bei ya mwanzo wakarudi kwenye mapipa, kwa sababu pipa linanunuliwa kidogokidogo, na jicho la yule mzee halikuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Ninachoomba, Mhariri, ni mwandishi wenu akienda tena kuwahoji hao wawekezaji na wakubwa wanaowapa viwanja, awaulize mtambo wa maji ni wa aina gani, awaombe waende nyuma ya jengo wamwonyeshe stoo. TMDA, mamlaka ya dawa, watapima dawa na kukagua kiwanda, hiyo ni kazi yao na NEMC, baraza la mazingira, wana yao, lakini mchoro wa mtambo unachorwa kabla hao wote hawajafika na ukishafungwa hakuna anayeung'oa.

Nimesahau kitu kimoja. RO ina maji inayoyakataa, ukiingiza lita nne unapata tatu, moja inatoka na chumvi ya zote nne. Watu wanapiga kelele kwamba ni kupoteza maji, na kule kwenye visima vya chumvi wana haki maana yanayotoka ni kama brini, maji ya chumvi kali. Hapa kwetu 100 mara nne ni 400, hayo bado ni maji laini kuliko visima vingi ambavyo watu wanapikia, hayana tindikali hayana kostiki, yanafaa kudekia na kuflashi vyoo. Kiwanda nilichopo sasa bomba hilo linatokea nyuma karibu na kibanda cha mlinzi, akaomba kipande cha mpira, akalima tuta mbili za mchicha na moja ya sukuma wiki, na mchana tunaokula ugali kantini mboga inatoka pale.

Fundi wa maji,
Nyakato, Mwanza